Naanza Daftari la Raga Hapa Malindi

Mpwa wangu alikuja nyumbani Maweni na simu mkononi na ombi moja. Klabu moja ya bara ilikuwa inatafuta vijana, na wote waliotaka kujaribiwa walitakiwa kuleta rekodi zao: mechi walizocheza, trai walizofunga (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), nafasi wanazochezea. "Mjomba, wewe ndiwe wa mambo ya kompyuta," akaniambia. "Nitafutie." Nikaona ni kazi ya dakika kumi, nikamwambia akae anywe chai.

Tulikesha siku tatu. Kijana amecheza raga tangu kidato cha tatu, Kilifi na Mombasa na safari mbili za Nairobi. Tulichokipata ni picha ya timu imebeba kombe, bila jina la waliofungwa. Ni tangazo la "Tumeshinda! Asanteni mashabiki," bila alama. Ni ukurasa uliowahi kuwa na matokeo ya msimu mzima, ukiubonyeza unaambiwa haupo. Kocha wake wa zamani alikumbuka mechi mbili, na kwenye moja alibishana na mpwa wangu kuhusu nani alifunga trai ya mwisho. Kijana akaishia kuandika mistari sita kutoka kichwani mwake. Aliowapelekea wakamwuliza ushahidi uko wapi.

Tangu siku hiyo sijapata utulivu. Nimeamua kufungua daftari la mechi za raga zetu, litakaloweza kusomwa na kuchukuliwa na yeyote bila malipo, na hapa nataka kueleza nitakavyolifanya na kwa nini nimechagua njia hii na si ile niliyoshauriwa na wengi.

Niliyoshauriwa ni hii: andika programu, iachie kwenye tovuti kubwa za michezo, ivune mechi zote za dunia. Siitaki. Mechi za dunia zina wenyewe na zimeandikwa hadi basi. Hapa Malindi tumeishi na Waitaliano miaka mingi, na Jumamosi za Februari na Machi ukipita kwenye migahawa yao utakuta Six Nations, mashindano ya raga ya nchi sita za Ulaya, kwenye televisheni. Mmoja wao, mzee anayenisalimia kila nikipita, anaweza kukusimulia mechi ya kwanza kabisa ya Italia katika mashindano hayo, Februari 2000, walipoifunga Scotland 34 kwa 20 mjini Roma. Diego Domínguez peke yake alipata alama 29: penalti sita, dropu tatu (mpira unaodondoshwa chini na kupigwa golini mchezo ukiendelea) na mkwaju mmoja wa baada ya trai. Fanya hesabu, penalti na dropu ni alama tatu kila moja na mkwaju ni mbili: 18, ongeza 9, ongeza 2. Zinazobaki tano ni trai moja ya mwenzake. Miaka zaidi ya 20 imepita, na mtu aliyeketi Malindi anaweza kuikagua mechi ile alama kwa alama. Sasa mwulize yeyote akukagulie hivyo mechi ya ligi ya daraja la pili iliyochezwa Pwani miaka mitano tu iliyopita.

Ndiyo maana naanza na zetu. Kenya Cup, ligi kuu ya klabu zetu, na ligi zilizo chini yake, mashindano ya raga ya saba (ya wachezaji saba kila upande) yanayozunguka mijini kila mwaka, Driftwood ya Mombasa, Dala ya Kisumu, Prinsloo ya Nakuru, na mechi za wanawake zote nitakazozipata. Kwa hili la wanawake sitaki mjadala. Lionesses, timu ya taifa ya wanawake, wamecheza Olimpiki ya Rio 2016 na ya Tokyo, na bado mechi za klabu za wanawake ndizo ngumu zaidi kuzipata kwa maandishi. Kwenye daftari langu hazitawekwa mwishoni kama nyongeza. Zitakaa kwenye jedwali lilelile, safu zilezile, na alama moja tu ya kuonyesha ni mechi ya wanawake au ya wanaume.

Marehemu baba yangu alikuwa akinunua samaki ufukweni na kuwapeleka Mombasa. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na kila chombo kilichotia nanga kilipata mstari mmoja: tarehe, jina la chombo, nahodha, aina ya samaki, kilo, bei. Samaki wa changu mstari wake, nguru mstari wake. Siku mizani ilipoharibika hakuandika sifuri na hakukisia kwa macho, ingawa macho yake yalikuwa mizani tosha. Alipiga kistari. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini asiandike tu kilo anazozidhania, akaniambia sifuri maana yake wamerudi mikono mitupu, na kistari maana yake sikupima. Ukivichanganya hivyo viwili utamdhulumu mtu siku ya hesabu.

Sijasoma mahali popote somo la data lililo bora kuliko hilo. Jedwali nyingi nilizozikuta za michezo yetu zimejazwa sifuri pale ambapo mwandishi hakujua. Timu inaonekana haikupata penalti hata moja msimu mzima, kumbe aliyeandika alichukua matokeo ya mwisho tu. Kwenye daftari langu, kisichojulikana kitaachwa wazi. Heri jedwali lenye mashimo ninayoyajua.

Sasa, matokeo ya mwisho peke yake yana tatizo ambalo mashabiki wa kandanda huwa hawalioni haraka. Kwenye kandanda, 2 kwa 1 ni mabao matatu, basi. Kwenye raga, alama zina matumbo. Trai ni tano, mkwaju wa baada yake mbili, penalti tatu, dropu tatu. Timu ikipata 15, inawezekana imefunga trai tatu ambazo mikwaju yake yote ilikosa, au trai mbili na mkwaju mmoja na penalti moja, au haikugusa mstari wa trai kabisa ikapiga mateke matano. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1995 ilikwisha 15 kwa 12, Afrika Kusini dhidi ya New Zealand, na hapakuwa na trai hata moja. Joel Stransky ndiye aliyezifunga zote 15. Ile ya 2023 kule Ufaransa, timu hizohizo, ilikwisha 12 kwa 11: waliobeba kombe walipata penalti nne bila trai, na walioshindwa ndio waliofunga trai pekee ya mechi. Aliyeandika "12-11" akaenda zake ameacha mechi yenyewe uwanjani.

Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya saba, walipoichapa Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore, tarehe 17 Aprili 2016, sisi wengine tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Lakini itazame hiyo 30 kwa jicho la karani. Kwenye raga ya saba penalti za kupigwa golini ni nadra mno. Ukiziondoa penalti na dropu, kuna njia moja tu ya kufika 30: trai sita na mikwaju sita iliyokosa. Hakuna nyingine, jaribu mwenyewe. Mimi hesabu kama hizi hunifurahisha kuliko nyimbo, kwa sababu ndizo zinazoniwezesha kukamata makosa. Kwa kanuni za sasa timu ya raga haiwezi kumaliza mechi na alama 1, wala 2, wala 4. Nikiletewa karatasi inayosema 24 kwa 4, najua pale pale kuna tarakimu iliyopotea njiani.

Isipokuwa mechi iwe ya zamani. Trai ilikuwa alama tatu, ikapandishwa kuwa nne mwaka 1971, na tano mwaka 1992. Maana yake karatasi ya 1985 yenye 4 inaweza kuwa sahihi kabisa, na ukaguzi wangu lazima uangalie tarehe kwanza kabla ya kumwita mtu mwongo. Kuna na trai ya penalti, ile refa anayoitoa wapinzani wakizuia trai kwa kosa: zamani aliitoa kama trai ya kawaida na mkwaju ulipigwa baadaye, lakini tangu 2017 inahesabiwa saba moja kwa moja bila mkwaju. Nikiichanganya na trai nyingine hesabu hazitakutana kamwe, kwa hiyo inapata safu yake. Nimeona watu wakiiacha hiyo, halafu wanahangaika usiku kucha na alama mbili zisizo na mwenyewe.

Na kuna sababu nyingine ya kuhesabu trai, ambayo kwangu ndiyo nzito. Katika ligi nyingi za raga ushindi ni pointi nne na sare mbili, lakini unapata moja ya ziada ukifunga trai nne au zaidi, na moja ya kufutia machozi ukishindwa kwa alama saba au chini yake. Kwa hiyo bila idadi ya trai huwezi kuurudisha msimamo wa ligi. Utakuwa na matokeo ya mechi zote, tarehe zote, viwanja vyote, na bado hutajua nani alistahili kupanda daraja. Ndiyo sababu mechi yenye trai zilizohesabiwa nitaithamini kuliko mechi kumi zenye matokeo matupu, hata kama kumi zinapendeza zaidi machoni.

Majina ya timu nayo yananipa kazi. Baba alilijua tatizo hili pia: dau moja aliliandika kwa jina la mwenyewe, karani wa banda akaliandika kwa jina lililopakwa ubavuni, na mvuvi akaliita jina la tatu. Kwenye raga yetu, Harlequin ni Quins, Nondescripts ni Nondies, Mwamba ni Kulabu. Hayo ni ya mapenzi, hayana neno. Yanayochosha ni ya wadhamini. Nakuru wamewahi kuwa Top Fry Nakuru, na Impala wamewahi kuitwa Resolution Impala Saracens. Mdhamini akiondoka jina linaondoka naye, na programu isiyo na akili itadhani klabu moja imekufa na nyingine imezaliwa. Dawa yake nimeiamua: kila klabu itapewa namba yake isiyobadilika, na jedwali la pembeni litaorodhesha majina yote iliyowahi kuitwa na miaka yake. Kwenye mstari wa mechi nitaandika jina lilivyotumika siku ile, kwa heshima ya walioivaa jezi hiyo, na kando yake namba.

Wachezaji je? Hapa nilikaa na mawazo muda mrefu. Daftari lote limezaliwa kwa sababu ya mchezaji mmoja, basi haliwezi kukosa majina. Lakini mechi nyingi za huku kwetu ni za shule, na mtoto wa miaka 16 hajaniruhusu kumweka mtandaoni milele pamoja na kadi yake nyekundu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Hata isingekuwepo, nisingefanya. Mechi za shule nitaandika timu na alama, bila jina la mtoto yeyote. Akifika miaka 18 na akataka trai zake ziandikwe, aje mwenyewe aseme, nami nitazitafuta pamoja naye. Kwa watu wazima nitaandika jina, timu, na alichofanya uwanjani. Sitaandika simu, wala mtaa anaokaa, wala jeraha alilopata. Najua wapo watafiti wanaotamani sana takwimu za majeraha, na wana sababu njema. Hiyo ni kazi ya madaktari wenye idhini za watu wao, na mimi sina.

Kila mstari utakuwa na safu ya mwisho niliyoipa jina "chanzo". Gazeti la tarehe fulani, picha ya ubao wa alama, karatasi ya refa, kumbukumbu ya kocha. Vyanzo viwili vikigombana, sitachagua kwa kubahatisha. Nitaandika vyote viwili na kuweka alama kwamba mechi ina ubishi. Mpwa wangu hakulipenda wazo hili, maana mechi yake moja itabaki na ubishi. Nilimweleza kwamba hao waliomwuliza ushahidi wangemwamini zaidi wakiona tumekubali pale tusipokubaliana.

Narudi kwenye ile programu ya kuvuna. Sipingi programu, nazitumia kila siku kazini. Matokeo ya mechi hayana mwenyewe. Hakuna anayeweza kumiliki ukweli kwamba timu fulani ilipata 17. Lakini mkusanyiko ambao mtu ameuhangaikia ni jambo jingine. Kule Ulaya zipo kanuni tangu 1996 zinazolinda hifadhidata kama hizo, na tovuti nyingi huandika masharti yao wazi. Kuanzisha kitu cha kugawa bure kwa kuchota kisimani mwa mtu bila hodi, mimi naona ni aibu. Na lipo la kiutendaji pia: mwenye tovuti akibadilisha ukurasa wake kidogo tu, programu yako inaanza kuokota takataka na huenda usigundue mpaka mwezi upite. Simu moja kwa katibu wa klabu hunipa zaidi. Katibu ana karatasi za refa kwenye bahasha, na hakuna programu inayofikia bahasha.

Waliotutangulia walifanya hivyohivyo. Marekani kuna Retrosheet, ilianzishwa 1989 na wapenzi wa besiboli, nao walianza kwa kuomba karatasi za alama kwenye klabu na madaftari ya waandishi wa habari, wakaziingiza mechi moja moja. Leo wanazigawa bure, na wanachodai ni tamko kwamba zimetoka kwao. Kandanda ina RSSSF tangu 1994, watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Kriketi ina Cricsheet, yenye mechi mpira kwa mpira. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesubiri shirikisho limpe ruhusa ya kupenda mchezo.

Umbo la daftari litakuwa jedwali la kawaida la CSV, maandishi yaliyotenganishwa kwa koma. Marafiki zangu wamesikitika, walitaka aplikesheni yenye rangi na bendera. Lakini CSV inafunguka kwenye simu ya bei ndogo, kwenye kompyuta ya saiba pale mjini, na kwenye programu za watafiti wa chuo kikuu. Msimu mzima wa ligi ukiandikwa hivyo unachukua bando kidogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Anayetaka rangi na bendera atazijenga juu yake, nami nitamsaidia. Leseni itakuwa ya Creative Commons ile inayosema tumia utakavyo, hata kwa biashara, ila taja ulikotoa. Ningeweza kuacha hata hilo sharti la kutaja. Silihitaji kwa ajili yangu. Nalihitaji kwa ajili ya makatibu na makocha watakaofungua bahasha zao, ili majina ya klabu zao yasafiri na kazi yao.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni mimi mwenyewe kuchoka, au kuugua, au simu kuangukia baharini. Ule ukurasa uliofutika na msimu mzima haukufutwa na adui. Bila shaka mtu mmoja aliyekuwa akiupenda alipata kazi, au mtoto, au alishindwa kulipia, na kila kitu kilikuwa kwake peke yake. Kwa hiyo kabla sijaandika mechi ya kwanza nimewapa watu wawili funguo zote: mwalimu mmoja wa michezo hapa Malindi, na dada mmoja Mombasa aliyewahi kuwa refa wa pembeni. Nakala ya jedwali inakaa kwao kila mwisho wa mwezi. Tumekubaliana saa tatu kwa wiki, Jumapili baada ya asri, si zaidi. Kazi ya mapenzi ikila usiku wa mtu hufika siku akaichukia.

Jumapili iliyopita tumeanza. Mstari wa kwanza ni mechi ya mpwa wangu, raga ya saba, Mombasa, robo fainali. Timu yake ilipata 19, wapinzani 12. Trai tatu, na mikwaju miwili kati ya mitatu iliingia. Hilo hesabu inalithibitisha, na picha ya ubao tuliyoipata kwenye simu ya mwenzake inaonyesha alama za mwisho. Trai mbili ni zake, na wachezaji wawili wa timu ile nyingine wamekubali hivyo. Aliyepiga mikwaju hatujamjua. Mpwa wangu anadhani ni nahodha, kocha anadhani ni yule kijana wa Mtwapa. Kwenye safu hiyo nimepiga kistari, na kama ulikuwa Mombasa siku ile na unakumbuka nani alipiga mikwaju ile, nitafute.